Mwaka wa Vitabu vya Kitambaa

Mama Domitila alipofariki mwaka jana, habari zilinikuta soko la Kashaulili, mjini Mpanda, nikichagua dagaa. Binti yake mkubwa ndiye aliyepiga simu. Niliacha dagaa pale pale mezani, nikaenda nyumbani kufunga mzigo, na kesho yake asubuhi nilikuwa njiani kwenda Mishamo. Kwenye mazishi, msemaji wa familia alisoma maisha ya marehemu, akafika mahali akasema, “Na leo tunaye mwalimu Yustina, aliyemfundisha mama yetu kazi ya kulea na kufundisha watoto wadogo.” Nilisimama, nikainamisha kichwa, nikakaa. Msiba si mahali pa kumsahihisha mtu mwenye kipaza sauti. Lakini tangu siku hiyo neno lile limenikaa vibaya. Nimefundisha walimu wa watoto wadogo kwa zaidi ya miaka ishirini, katika wilaya nyingi, na kila nikiulizwa nilisomea wapi najibu Mpanda, basi. Ni jibu la kweli lakini si lote. Ule mwaka mmoja wa miaka ya tisini uliniingiza katika kazi hii, na karibu unitoe, kwa hiyo nitausimulia kama ulivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo sikufanya vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mafunzo yalifanyika Mpanda mjini, katika ukumbi wa kanisa ulio karibu na soko, kwa muda wa miezi mitatu. Siku ya kwanza tuliingia na madaftari yetu, tukakuta mabenchi yote yametolewa nje na sakafuni imetandikwa mikeka. Katikati palikuwa na beseni la maji, kipande cha sabuni na mdoli wa kitambaa uliochakaa. Mkufunzi wetu aliitwa Mwalimu Skolastika, mama wa Kifipa kutoka Sumbawanga, mfupi, mwenye sauti nzito ambayo hakuwahi kuipandisha. Alinyoosha kidole kwangu kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele. “Wewe binti, mwogeshe huyu mtoto.” Nilimwogesha vizuri mno. Nilipitisha maji nyuma ya masikio, nikasugua makwapa, nikamkausha kwa kanga. “Umemaliza?” akaniuliza. Nikasema ndiyo. “Haya, tuambie. Umeogesha mtoto au umeosha sahani?” Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. “Mtoto amekaa mikononi mwako muda wote huo, na hujamwambia hata neno moja. Maneno atayatoa wapi? Atanunua dukani?”

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Tulikuwa tumekuja tukidhani tutafundishwa namna ya kuwashikisha watoto chaki mapema kuliko wengine. Mwalimu Skolastika alikataa chaki isiingie kabisa ndani ya ukumbi. Alitufundisha kwamba kusoma kunaanza mtoto akiwa bado ananyonya, anapotazama mdomo wa mtu anayemsemesha, anapojua kwamba kila kitu kina jina, anapoona picha ya kuku na kuelewa kwamba yule si kuku wa kuliwa bali bado ni kuku. Herufi, alisema, ni jambo la mwisho na ndilo jepesi. Basi tukafanya mazoezi. Tulisemesha midoli, tukatunga nyimbo za kuvaa viatu na kunawa mikono, tukashona vitabu vya mabaki ya vitenge ambavyo mtoto akivitafuna havichaniki. Mchana tulikula ugali kwa dagaa wa Ikola na kisamvu, na hata pale hatukuachwa. Kila mmoja alitakiwa kumsimulia jirani yake anachokula kana kwamba jirani ana miezi kumi. “Hili ni tonge. Tonge la moto. Tunapuliza, fuu, fuu.” Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni walisimama dirishani kututazama. Siku moja nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, “Watu wamemaliza kidato cha nne, halafu wamekuja kuongea na midoli.” Mwenzake akajibu, “Waache. Kazi zimekuwa ngumu.” Sikujali. Nilijua nimepata kitu ninachokiweza. Mwishoni mwa miezi mitatu nilikuwa wa kwanza katika darasa letu, na sioni haya kulisema mpaka leo, kwa sababu nilistahili. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba kuwa wa kwanza ni sawa na kumaliza kujifunza.

Ofisi ya mradi uliotusomesha ilinipeleka Mishamo kufundisha wanawake wanane waliokuwa wakilea watoto wachanga na wadogo wakati mama zao wako mashambani. Mishamo wakati ule ilikuwa makazi ya wakimbizi wa Burundi, watu waliokuwa wameishi nchini miaka zaidi ya ishirini, wamefyeka msitu na kulima mahindi, maharage na mihogo mpaka wakawa wanalisha watu wa mjini. Kutoka nje ya makazi walihitaji kibali. Kituo chetu kilikuwa nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba viwili, kimoja cha wanaotambaa na kingine cha wanaotembea, na jiko la nyasi kwa nyuma. Nilipangiwa chumba katika nyumba ya jirani, kitanda cha kamba na meza moja, na kila asubuhi mwenye nyumba aliniletea maharage ya jana yaliyopashwa moto na kikombe cha uji. Nilikwenda kazini na karatasi mkononi. Katika karatasi hiyo ofisi ilikuwa imeandika maagizo yake, na la kwanza lilikuwa kwamba lugha ya kituo ni Kiswahili peke yake.

Wanawake wale walinipokea kwa heshima. Saba kati yao walikuwa Warundi. Wa nane, Anastazia, alikuwa Mbende wa Mpanda aliyeolewa pale, na ndiye aliyenisaidia niliposhindwa kuelewana na wenzake. Mama Domitila alikuwa mkubwa kuliko wote, mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, mwenye mikono mipana ya mkulima. Hakujua kusoma. Lakini nilipowapa vitambaa na sindano, aliacha sindano yangu mezani akatoa yake, ile nene ya kushonea magunia, na kwa siku mbili akashona kitabu kilicho bora kuliko changu. Kilikuwa na kurasa sita, kila ukurasa na kitu kimoja: kuku, jembe, chungu, baiskeli, mvua na mtoto mgongoni kwa mama yake. Kuku alikuwa na manyoya ya kweli aliyoyatia uzi. Watoto waliking’ang’ania mpaka tukalazimika kuweka zamu. Chumba chake, kile cha wanaotambaa, kilikuwa na kelele nzuri tangu asubuhi. Aliwasemesha, aliwaimbia, aliwataja majina, aliwaambia anachofanya na atakachofanya, yote ambayo mimi nilijifunza kwa miezi mitatu ukumbini. Ila alikuwa akiyafanya kwa Kirundi.

Nilimvumilia wiki moja. Wiki ya pili nikamwambia mbele ya wenzake, “Mama Domitila, hapa ni Kiswahili. Tumekubaliana.” Akasema, “Ndiyo, mwalimu.” Baada ya nusu saa nikamsikia anambembeleza mtoto anayelia, “Hora, mwana wanje, hora.” Nikaingia ndani nikamchukua yule mtoto mikononi mwake. Sikumnyang’anya, lakini nilimchukua, na kila mtu aliona. Nikasema, “Mtoto akichanganyiwa lugha, anachelewa kusema. Mnataka watoto wenu wachelewe shule?” Nikaonyesha mfano. Mfano wangu ulikuwa Desideri, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane aliyelelewa na bibi yake kwa kuwa mama yake alifariki, na ambaye alikuwa bado chumbani kwa Mama Domitila ingawa alishaanza kutembea. Desi alikuwa mchangamfu, mwenye macho yanayofuata kila kitu, lakini hakusema neno lolote, si kwa Kirundi si kwa Kiswahili. “Mtazameni huyu,” nikasema. “Ndiyo matokeo yake.” Jioni hiyo nikaandika taarifa ya mwezi kwa ofisi ya Mpanda. Niliandika kwamba mtoto Desideri amechelewa kusema kutokana na kuchanganyiwa lugha, na kwamba naomba mlezi wake, Domitila, ahamishiwe jikoni. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikampa dereva wa lori la mahindi aipeleke mjini.

Baada ya hapo chumba cha wanaotambaa kikanyamaza. Mama Domitila alitii. Aliwabadilisha nepi, aliwalisha, aliwapangusa pua, na hakusema kitu. Akilazimika aliwaambia “njoo”, “kula” au “lala”. Watoto waliokuwa wakibwabwaja asubuhi nzima wakaanza kukaa wakimtazama tu. Niliona, na nikajiambia ni hali ya mpito. Siku moja nilikuwa nyuma ya jiko nikisuuza vikombe, nikamsikia akizungumza na Anastazia upande wa pili wa ukuta wa nyasi. Wao wawili lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo nililielewa kila neno. “Kiswahili changu ni cha kuuzia maharage,” alisema. “Najua kutaja bei, najua kumjibu askari, najua kuomba kibali. Kubembeleza mtoto sijui. Nyie mnabembelezaje?” Anastazia akafikiri kidogo, akasema, “Hata mimi nabembeleza kwa Kibende, dada. Kiswahili nilikikuta shuleni.” Nilibaki nimeshika kikombe. Mimi mwenyewe nimebembelezwa kwa Kikonongo. Maneno ya kwanza niliyosema maishani, na sauti iliyonifundisha kwamba maneno ni matamu, havikuwa vya Kiswahili, na bado nilikuwa wa kwanza darasani kule Mpanda. Nililijua hilo siku zote. Sikuwahi tu kuliweka karibu na ile karatasi ya maagizo nikavitazama kwa pamoja.

Hata hivyo sikutoka nyuma ya jiko kwenda kuomba msamaha. Nilikuwa na kiburi, na nilikuwa na Desi kama ushahidi wangu. Mama Domitila ndiye aliyeniondolea ushahidi huo. Siku tatu baadaye alikuja mlangoni kwangu wakati watoto wamelala mchana. Hakuketi. “Mwalimu, nimemwangalia Desideri siku nyingi,” alisema. “Ntiyumva. Hasikii.” Nikamwambia anasikia, kwani nikiingia huwa ananigeukia. “Anakuona,” akasema. “Anaona kivuli chako mlangoni. Ukipita kwa nyuma hageuki.” Nikamjibu kwamba mambo hayo yanahitaji wataalamu. Akanitazama kwa utulivu. “Mwalimu, wewe ulituambia tumtazame mtoto kabla ya kumfundisha. Nimemtazama.”

Watoto walipoamka tulimkalisha Desi kwenye mkeka akiwa na kile kitabu cha kuku, mgongo wake ukielekea mlango. Anastazia alikaa mbele yake bila kuonyesha chochote usoni. Mama Domitila akachukua sufuria na mwiko, akasimama nyuma yake hatua mbili, akagonga. Watoto wote chumbani waliruka, wawili wakalia. Desi akafungua ukurasa wa jembe. Mama Domitila akagonga tena kwa nguvu zaidi, mpaka bibi wa nyumba ya jirani akaja kuuliza kuna nini. Desi alikuwa akipitisha kidole juu ya ule mpini, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilikaa chini kwenye mkeka. Mtoto yule nilimtangaza mbele ya watu kuwa mfano wa uharibifu wa lugha, kumbe, kama bibi yake alivyotueleza baadaye, hakuwa akisikia lugha yoyote tangu alipougua homa kali akiwa na miezi saba. Na taarifa yangu ilikuwa tayari mezani kwa mtu mjini. Nilimwambia Mama Domitila, “Nimekukosea. Nimekukosea wewe na nimemkosea mtoto.” Yeye alikuwa ameshamnyanyua Desi mgongoni. “Tuombe kibali cha kumpeleka hospitali,” akasema. “Mengine tutaongea njiani.”

Kibali kilitolewa kwa watu watatu: bibi yake Desi, Mama Domitila na mtoto. Tulikwenda Mpanda juu ya magunia ya mahindi, bibi amefunga kitambaa puani kwa vumbi. Tabibu alimpima kwa kengele na kwa chuma kinacholia kikigongwa, akaangalia ndani ya masikio, akatuambia tulichokuwa tumeshakijua. Kisha akauliza nani aligundua. Nikamwonyesha Mama Domitila. “Mmewahi sana,” akasema. “Wengi wanaletwa wakiwa na miaka saba, wameshaitwa mabubu na kuachwa.” Kutoka hospitali niliwapeleka moja kwa moja kwa Mwalimu Skolastika, nikamweleza yote bila kujipunguzia. Alisikiliza, akatuwekea wali na maharage, akangoja bibi ale ashibe. Ndipo Mama Domitila alipouliza swali ambalo mimi sikuwa nimethubutu kuliuliza. “Mwalimu, ulifundisha kwamba mtoto anakusanya maneno kabla ya herufi. Huyu maneno yatamwingilia wapi?” “Kwa macho,” alisema Mwalimu Skolastika. “Na kwa mikono. Mimi si mjuzi wa ishara za viziwi, nitatafuta anayejua. Lakini nyie msingoje. Kila kitu mpeni ishara, na nyote mtumie ile ile, na bibi naye. Kitu kikiwa na ishara kina jina.” Halafu akanigeukia. “Na hao wengine wanaosikia, waambie kwa lugha ambayo mlezi anaijua mpaka ndani. Kiswahili watakipata kwako, na kwa Anastazia, na barabarani. Andika taarifa nyingine.”

Niliandika. Nilisema taarifa ya kwanza haikuwa sahihi, nikaeleza kosa langu, nikaeleza kwamba kuanzia siku hiyo walezi watasemesha watoto wachanga kwa Kirundi, na nyimbo na hadithi zitakuwa kwa lugha zote mbili. Haikupita wiki mbili msimamizi wa mradi akaja na gari kutoka Mpanda. Alisimama katikati ya chumba cha wanaotambaa na viatu vyake, mikono nyuma. Mama Domitila alikuwa na watoto wanne mapajani, anawafungulia kitabu na kuwasimulia kuku kwa Kirundi, nao wanamjibu kwa kelele zao. “Nani ameruhusu hii?” msimamizi aliuliza. Nikasema, “Mimi.” “Una karatasi ya maagizo?” “Ninayo.” “Imeandikwa nini?” “Imeandikwa Kiswahili peke yake.” “Sasa?” “Sasa, bwana msimamizi, nimeijaribu mwezi mzima. Chumba kilikufa. Naomba ukae hapa dakika kumi usikilize, halafu uniandikie unavyotaka.” Hakukaa, lakini pia hakutoka. Mtoto mmoja wa kike, wa miezi kumi na moja, aligeuza ukurasa mwenyewe, akapiga baiskeli kwa kiganja, akaimba “iga, iga,” nusu ya neno la Kirundi, *igare*. Mama Domitila akamwambia, “Igare! Eeh, baiskeli! Baiskeli ya baba!” Msimamizi alimtazama yule mtoto, akaangalia saa yake, akauliza lini wataanza kuandika a-e-i-o-u. Nilimjibu kwamba wakianza hawatasumbua mtu.

Aliniandikia barua ya onyo. Ilisema nimekiuka maagizo na jina langu halitapelekwa chuo cha ualimu mwaka ule, na chuo ndicho kilikuwa ndoto yangu kubwa. Nililia siku nzima, kisha nikaosha uso nikaenda kazini. Kirundi hatukukiacha. Wala hakuna aliyekuja tena kutukataza, kwa kuwa Mwalimu Skolastika alifunga safari mwenyewe, akakaa siku nne juu ya mkeka wa Mama Domitila akimtazama anavyofanya na kuandika, na mafunzo yaliyofuata Mpanda yalianza na swali jipya kwa kila mwanafunzi: wewe ulibembelezwa kwa lugha gani? Chuo nilikwenda miaka miwili baadaye. Desi alipofika umri alipelekwa shule ya viziwi, akiwa tayari anajua kwamba alama kwenye karatasi zina maana, na walimu wake waliandika kuuliza ni nani alimwanzisha. Leo ni seremala. Ana mke na watoto watatu, wote wanaongea kwa mikono na kwa midomo, naye huniandikia ujumbe wa simu mrefu, wenye nukta na mikato iliyokaa sawa kuliko ya wanaosikia.

Lakini nikiukumbuka mwaka ule, sikumbuki kwanza barua wala chuo. Nakumbuka alasiri moja kabla ya mvua za kupandia, nilipomsindikiza Mama Domitila kumrudisha Desi nyumbani kwao. Tulikuwa tumeshapata ishara kumi na tatu. Kuku ilikuwa vidole viwili vikidonoa kiganja, mvua ilikuwa vidole vyote vikishuka. Bibi alizijua, lakini alikuwa akizifanya kwa aibu, haraka haraka, kama mtu anayeficha kitu. Tulimkuta pembeni ya shamba anapiga matuta ya mihogo, na majirani wawili wakiwa naye. Desi alimkimbilia, akakaa chini kwenye udongo, akamfungulia kitabu. Aligusa kuku, akainua uso kumtazama bibi yake, akadonoa kiganja. Akafungua mbele zaidi, akagusa mvua, akatazama juu kwenye mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Ugalla, halafu akashusha vidole vyake vyote kumi taratibu mpaka chini. Hakuna aliyemfundisha kutazama mawingu. Majirani walikuwa wamesimama na majembe yao. “Anafanya nini huyu?” mmoja akauliza. “Anasema mvua inakuja,” Mama Domitila alijibu. Bibi alimtazama mjukuu wake, akawatazama majirani. Kisha akaliweka jembe chini, akapangusa viganja vyake kwenye kanga, akainua mikono juu mahali ambapo kila mtu aliiona, akamjibu.